Meza Ambayo Fundi Saa Hakuiagiza

Karakana, 3 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Mimi mzima, meno kumi na tisa, mkono hautetemeki. Simu usipige. Masikio yangu yameliwa na randa ya umeme, nikipigiwa nasikia nyuki tu, nabaki kuitikia "ndiyo, ndiyo" kama mjinga. Nitaandika. Shule niliiacha darasa la pili kwa hiari yangu mwenyewe, na mwalimu alisikitika sana, lakini kuandika najua. Herufi zangu ni chache ila nene. Mama Fotokopi wa hapa mtaani ataipiga picha barua na kuituma kwa mitambo yake, na jibu lako atanichapia kwa maandishi makubwa.

Sasa sikiliza. Fundi Saa, yule Mchina mwenye duka mkabala na karakana yangu, ameanguka. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, ulimi umekufa, Kiswahili chake chote kimekwenda, hata kile cha "saa yako bovu, wewe bovu zaidi". Amelazwa kwenye kile chumba cha nyuma ya duka. Mpwa wake anakuja tarehe 28 kumchukua, ampeleke kwao moja kwa moja.

Kila alasiri nampelekea supu. Na kila nikifika ananitazama, ananyanyua kidole cha mkono wa kushoto, anachora kwenye blanketi. Kitu kilekile kila siku. Mtu mwingine angebabaika. Mimi nimesoma michoro ya wahandisi miaka hamsini na miwili, wengine nikawasahihisha, kwa hiyo nilielewa palepale: ananiagiza meza. Ubao mrefu juu, ubao mfupi chini yake, nguzo moja katikati, na mihimili miwili ya umbo la V, mmoja huku na mmoja huku. Meza ya kulia kitandani. Nikaitengeneza kwa siku mbili, bila msumari hata mmoja, viungo vimekumbatiana kama ndugu. Nikaisukuma mpaka miguuni pake.

Unajua alifanya nini? Alitikisa kichwa. Akachora tena. Kitu kilekile!

Mjukuu wangu, hakuna mteja aliyewahi kuondoka mikononi mwangu bila kupata alichotaka. Huyu ataondoka tarehe 28 na haja yake moyoni, na mimi nitabaki najiuliza mpaka mnifukie. Sikubali. Wewe uko hukohuko kwao, mchana unaunganisha miwani kiwandani, jioni unasoma lugha yao. Mchoro nimeuweka hapa chini pamoja na vipimo. Waulize hiyo ni meza ya namna gani.

Babu yako,
Fundi wa Mafundi


Bwenini, 6 Machi

Babu, shikamoo.

Pole sana kwa Fundi Saa. Nilipokuwa mdogo aliwahi kunifungulia saa ya ukutani nione meno yake yanavyoumana. Na nyinyi wawili mlikuwa mnacheza drafti kila Jumapili.

Mchoro wako nimeupeleka darasani. Mwalimu wangu wa jioni ameutazama mpaka chai yake ikapoa, halafu akaniuliza "sentimita 45" ni kitu gani na kwa nini pana droo. Darasa zima limecheka, mimi wa kwanza, nisamehe.

Babu, nadhani huyo hakuwa anachora. Nadhani alikuwa anaandika. Wenzetu hawa hawana a, be, che. Kila neno lina alama yake, imejengwa kwa mistari kama unavyojenga dirisha, na nyingine zilianza kama picha zamani za kale, kwa hiyo kosa si lako. Ila hiyo yako hatuijui. Tumepekua kamusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, haimo. Nahisi umeirekebisha. Nakujua.

Nitumie karatasi yenyewe aliyoandika yeye, usiiguse. Au angalia kidole chake kinavyokwenda: kipi kinaanza, kipi kinafuata, kipi mwisho. Mwalimu anasema mistari ya herufi moja ina foleni yake, hairukani. Mtu akijua foleni anaweza kuitambua hata ikiandikwa hewani.

Mimi sijambo. Vidole vimeota sugu kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Jioni najifunza herufi tano. Asubuhi nakuta mbili.

Mjukuu wako


Karakana, 10 Machi

Mjukuu wangu,

Waambie hao wanaocheka kwamba droo niliongeza mimi, ndiyo. Meza bila droo ni ubao uliokosa adabu. Hilo moja tu. Sawa, na mihimili niliikaza kidogo pembe. Zaidi ya hapo sikugusa kitu.

Karatasi hakuna. Nimekwambia, kidole na blanketi. Akimaliza kuchora, blanketi linabaki blanketi. Ni sawa na kuandika majini. Tena kidole chenyewe hakina nguvu, kinakwenda kama siafu aliyechoka.

Lakini nimekiangalia, maana wewe umetaka. Siku tatu nimekikodolea macho. Foleni yake ni hii: kwanza ile V ya upande wa mkono wangu wa kulia. Kisha V ya upande wa kushoto. Kisha ubao mfupi. Kisha nguzo. Ubao mrefu wa juu ndio wa mwisho kabisa. Umeona? Huo ni utaratibu wa seremala! Miguu kwanza, uso wa meza mwisho. Hakuna fundi duniani anayeanza na uso wa meza. Sasa uniambie ni mwandishi gani anayejenga hivyo. Hiyo ni meza, nimesema, na mwalimu wako akaoge.

Nilidhani labda ile ya kwanza ilikuwa kubwa, nikamtengenezea ya pili, fupi, nikaipiga msasa mpaka nzi anateleza. Nikamwekea. Akaitazama, akanitazama, akafumba macho. Halafu machozi, mjukuu wangu. Upande mmoja tu wa uso. Mimi sijawahi kumliza mteja kwa kazi yangu. Niliondoka haraka nikagonga kiwiko.

Chumba sasa kina meza mbili na mgonjwa mmoja, na zimebaki siku kumi na nane.

Babu yako,
Msoma Michoro

(Binti yangu, ni mimi Mama Fotokopi, naandika hapa chini kabla sijaituma, yeye ameshatoka. Huyo babu yako haingii mle chumbani. Anafika mlangoni, anapitisha supu, anasimama wima na kofia kichwani kama askari wa zamu, anaondoka. Mlezi wa mgonjwa ndiye aliyeniambia. Meza zote mbili alizisukuma kwa mti wa fagio. Zamani walikuwa kama pete na kidole, kisha miaka mitano, mpaka ugonjwa huu, mzee hakukanyaga dukani kwa mwenzake, na sababu hataki kuisema. Muulize wewe, lakini mimi usinitaje.)


Bwenini, 12 Machi

Babu, shikamoo.

Chukua mchoro wako. Futa droo. Sasa ugeuze karatasi, juu iwe chini.

Nimeisoma barua yako wakati wa chakula cha mchana nikasahau kula. Wanaandika kuanzia juu kushuka chini, na kuanzia kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo kinachoanza hakiwezi kuwa miguu. Kinachoanza ni paa. Na "kulia kwako" kama ndiyo ya kwanza, basi kwake ni kushoto. Wewe umekuwa ukiiona kichwa chini, miguu juu, siku zote hizi. Ukiigeuza ni hii:

坐

Zile V zako mbili ni watu. Mtu mmoja wanamwandika hivi, 人, amesimama ametanua miguu. Hapa wapo wawili, huku mmoja na huku mmoja. Chini yao, nguzo na mbao mbili, ni ardhi: 土. Watu wawili juu ya ardhi. Nilipomwonyesha mwalimu, alipiga meza kwa kiganja akasema herufi hii anawafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Maana yake ni keti.

Hakuagiza chochote, Babu. Anakwambia ukae. Tangu siku ya kwanza alipopata kidole cha kunyanyua, anakwambia ukae, na wewe unamletea meza.

Nimefikiri jambo jingine. Mtu anayeona maandishi ya blanketi juu chini, huyo amesimama miguuni pa kitanda. Pengine mbali zaidi, mlangoni. Aliyeketi pembeni, karibu na kichwa cha mgonjwa, angeiona imesimama sawasawa. Kwa nini hukai, Babu?

Ukitaka kuiandika, ni mistari saba. Mtu wa kushoto, miwili. Mtu wa kulia, miwili. Ubao mfupi. Nguzo, kutoka juu ipite katikati yao ishuke. Ubao mrefu mwisho. Usipige rula.

Mjukuu wako


Fotokopi na Stesheneri, 17 Machi

Binti yangu,

Nakuandikia mwenyewe leo. Barua yako nilimchapia tarehe 13, akaisomea hapahapa kaunta, kidole chini ya kila neno, midomo inacheza. Alipofika kwenye ile herufi aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, akaigeuza tena. Nikamuuliza, "Mzee, umepata?" Akanijibu, "Wewe toa kopi zako." Ila sauti haikuwa na makali. Akaikunja barua mara nne akaitia ndani ya kofia.

Tangu hapo hajaonekana kwa Fundi Saa. Supu anampa mlezi kwenye mlango wa nje. Karakana imefungwa kwa ndani na msumeno siusikii. Jana alikuja kununua daftari la hesabu, lile la miraba mikubwa, na penseli laini. Nikamwambia, "Unarudi shule?" Akasema ni ya vipimo. Leo asubuhi amekuja kununua la pili.

Mpwa amemtumia mlezi ujumbe. Tarehe ni ileile.

Mama Fotokopi


Bwenini, 18 Machi

Babu,

Umeninyamazia. Kama swali langu limekuudhi, lipuuze, jibu mengine. Ila zimebaki siku kumi, na wewe mwenyewe ulisema hukubali abaki na haja moyoni.

Mjukuu wako


Karakana, 22 Machi

Mjukuu wangu,

Sikununa. Nilikuwa kazini.

Umeuliza kwa nini sikai. Haya. Miaka mitano iliyopita nilimtengenezea Fundi Saa stuli ya wateja wake kukalia wakisubiri. Miguu mitatu ingetosha, lakini mimi nikaweka minne, maana minne ndiyo inayoonyesha fundi ni nani. Siku ya pili naingia dukani, nakuta amekunja kipande cha karatasi amekisukumia chini ya mguu mmoja. Mbele ya wateja! Nikamwambia, "Hiyo nini?" Akasema, "Inacheza kidogo." Nikamwambia stuli yangu haichezi, sakafu yako ndiyo mbovu. Akasema, "Sakafu sawa, mimi nimepima." Amepima! Mtu wa kushika skrubu kwa kibano ananiambia mimi amepima! Nikaapa pale pale, kwa sauti, kwamba sitaketi tena ndani ya duka lile mpaka aitoe ile karatasi na kuniomba radhi. Na yeye kichwa chake ni kigumu kuliko changu, hata kama huamini kwamba kipo kichwa kama hicho. Drafti ikaishia hapo. Tukawa tunatazamana kutoka ng'ambo ya barabara, yeye na saa zake, mimi na mbao zangu.

Alipoanguka nilikwenda siku ileile. Lakini kiapo ni kiapo. Nilisema sitaketi, sikusema sitasimama.

Ulipoandika maana ya ile herufi nilikasirika sana, sijui nimkasirikie nani. Nikafunga mlango nikaanza kuiandika. Usidhani ni rahisi. Nimechonga maua kwenye milango, nimechonga simba, lakini mistari saba hii imenitoa jasho. Wale watu wawili walikuwa wananiangukia. Mara mmoja mnene, mara mwingine amepiga magoti, mara wamegombana wamepeana mgongo. Nikapiga rula, ikawa kenchi ya paa. Nikaacha rula. Daftari la kwanza lote ni takataka. La pili, ukurasa wa kumi na moja, kuna moja ambayo hata mfalme wao angeiweka ukutani. Nimekutumia uone. Waonyeshe waliocheka.

Jana alasiri nikaenda. Nikavua kofia. Nikaingia, mjukuu wangu, mpaka ndani, nikapita meza zangu zote mbili, nikafika pembeni ya kitanda. Akanitazama. Kabla hajanyanyua kidole, mimi nikanyanyua changu. Nikaandika kwenye blanketi lake, upande wake, imsimamie sawasawa: mtu, mtu, ubao mfupi, nguzo, ubao mrefu.

Alitoa sauti ambayo tangu augue sijaisikia. Nikadhani amepaliwa. Kumbe anacheka, kwa nusu ya mdomo. Halafu unajua alifanya nini huyu mtu? Alinisahihisha! Alichukua kidole changu kwa mkono wake wa kushoto akakivuta, ubao wa chini uwe mrefu zaidi. Mgonjwa hawezi kugeuka kitandani, lakini kunisahihisha anaweza.

Stuli ilikuwa palepale kando ya kitanda, ile ile. Nikakaa.

Inacheza. Kidogo sana, ungehitaji kuwa fundi kuhisi. Nimekwambia wewe tu, Mama Fotokopi asijue.

Babu yako,
Mwandishi

(Nimesoma. Simwambii. M.F.)


Bwenini, 24 Machi

Babu, shikamoo, shikamoo mara saba.

Herufi yako nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu. Mwalimu ameiangalia safari hii bila kucheka. Amesema watu wako wawili wana uzito, wa wanafunzi wake wanaelea. Sikumwambia ni mikono ya miaka hamsini na miwili ya patasi, nimejifanya ni kipaji cha ukoo.

Sasa nina hamu kweli. Kwa kuwa umeketi, ameandika nini kingine? Lazima alikuwa na jambo la kukwambia, ndiyo maana alitaka ukae. Angalia kidole, uniandikie foleni yake, nitakesha nayo. Zimebaki siku nne.

Mjukuu wako


Karakana, 29 Machi

Mjukuu wangu,

Hakuandika kitu kingine. Nilikaa Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na zile siku za kabla. Kila siku nilimwekea blanketi sawa, nikasogeza macho karibu, nikasubiri. Kidole kimetulia. Siku ya pili nikamsukuma kidogo, nikamwambia, "Haya, sema basi, nimeshakaa!" Akanitazama kama mtu anayemtazama mteja aliyeleta saa nzima itengenezwe. Ndipo nikaelewa hakuna ya pili. Alitaka nikae. Basi, nikakaa. Tulikuwa tunatazama barabara kupitia mlango wa duka, nani anapita, nani amenenepa. Nilikuwa namsimulia nani ni nani, maana miaka mitano yeye alikuwa anawaona kutoka upande wake na mimi kutoka upande wangu, kumbe mtaa una pande mbili.

Jana mpwa alikuja. Kijana mrefu, nguo safi, gari nje linanguruma. Alisimama palepale nilipokuwa nasimama mimi, mlangoni, saa mkononi, anamwonyesha mlezi kwa ishara afunge virago haraka. Mjomba wake alikuwa anamtazama tu. Nikasema hapana, haondoki mtu hapa kama kifurushi. Nikachukua daftari langu, nikachana ukurasa, nikaandika kubwa, karatasi nzima, bila rula. Nikamwinulia usoni.

Akaisoma! Mjukuu wangu, mtu mzima, mgeni, ametoka mbali huko, ameshika maandishi ya babu yako aliyeacha shule darasa la pili, na ameyasoma! Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia gari. Halafu akatoka akamwambia dereva azime. Nikampa stuli. Mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mlezi akaleta chai, na meza zangu zikapata kazi, zote mbili, kwa hiyo usimsikilize mtu atakayekwambia sikuzitengeneza kwa sababu.

Alikaa saa nzima na nusu. Aliongea na mjomba wake taratibu, kwa lugha yao, amemshika ule mkono uliokufa. Mimi sikuelewa hata kidogo na sikuhitaji. Mara moja Fundi Saa alinyanyua kidole kuelekea kwangu, mpwa akageuka kunitazama vizuri, tangu viatu mpaka kichwani.

Ana simu inayogeuza maneno. Akasema nayo, kisha akaniletea kioo karibu, nikasoma neno moja moja. Iliandikwa: "Wewe na mjomba wangu mmekuwa marafiki kwa muda gani?"

Mimi huyu hesabu haijawahi kunishinda. Nilihesabu tangu siku alipofungua duka, akaja kuniomba nyundo.

Nikamjibu miaka thelathini na mmoja. Ile mitano sikuitoa.

Babu yako